Kupiga Picha za Gari la Moshi la Mizigo Katika Nchi ya Kwetu

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mambo mawili ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza huenda akadhani kuwa hayana udugu. La kwanza ni kazi ya kupiga picha za gari la moshi la mizigo. La pili ni safari ya mtu aliyekaa mbali kurudi kuitazama nchi aliyozaliwa. Nataka kuwaeleza jinsi kazi hiyo ya kwanza inavyoweza kumfumbua mtu macho, hata akaiona nchi ya kwao vizuri kuliko alivyoiona alipokuwa akikaa humo kila siku.

Nchi ninayoisema ni bonde lililo chini ya milima ya Usambara, kutoka Korogwe kwenda Mombo na Mkomazi. Upande mmoja milima imesimama kama ukuta, na upande wa pili ni nyika inayoteremka kuelekea mto Pangani. Katikati ya ukuta na nyika yapita njia ya reli. Upana wake, kutoka chuma hata chuma, ni mita moja tu, lakini habari iliyobeba ni ndefu.

Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakati wa Wadachi. Kampuni iliyoianza ilipungukiwa na fedha kabla kazi haijafika mbali, na serikali yao ikaichukua. Mwaka 1902 ilifika Korogwe, mwaka 1905 ikafika Mombo, na mwaka 1911 ikafika Moshi, mwendo wa kilomita kama 350 kutoka baharini. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya kwanza, Waingereza waliishika, na mwaka 1929 reli ikafikishwa Arusha. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia ya kuunganisha Mnyusi na Ruvu, na tangu hapo behewa liliweza kutoka Dar es Salaam na kufika Moshi bila mzigo kushushwa njiani.

Sasa mtu atauliza, Kwa nini mizigo? Je, gari la abiria halipendezi zaidi, lenye watu madirishani na vitambaa vikipepea? Ni kweli lapendeza. Lakini gari la abiria latuambia watu wanakwenda wapi. Gari la mizigo latuambia watu wanaishi kwa nini. Ukitaka kujua mwenyeji ana nini ghalani, usitazame kanzu yake ya sikukuu, tazama anachobeba kwenda sokoni na anachorudi nacho.

Kwa miaka mingi mzigo mkubwa wa bonde hilo ulikuwa katani. Mwaka huo huo wa 1893 Mdachi mmoja, Daktari Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka katika hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyojaza nchi toka Tanga hata chini ya Upare. Manamba walikuja kutoka nchi za mbali kukata majani, korona zikasaga mchana na usiku, na marobota ya katani yakapangwa katika mabehewa kwenda bandarini Tanga. Katika miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa mbele ya nchi zote za ulimwengu kwa katani, ikatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Na kutoka Kilimanjaro ilishuka kahawa ya wakulima, ambao chama chao kikuu cha ushirika kiliundwa mwaka 1933.

Kisha zilitokea kamba zilizotengenezwa kwa mafuta ya petroli, bei ya katani ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Malori nayo yalizidi barabarani. Mzigo wa reli ukapungua mwaka hata mwaka, na reli isiyo na mzigo ni kama mto usio na chemchemi. Mwisho wake magari hayakupita tena kwenda Moshi. Majani yaliota kati ya mataruma, watu wakalima na kujenga karibu na njia, na ng'ombe wakafanya tuta la reli kuwa mahali pa kupumzika. Hali hiyo ilikaa zaidi ya miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa wakati ule alifika darasa la mwisho la shule ya msingi bila kusikia honi ya gari la moshi kijijini kwake.

Mwezi wa Julai mwaka 2019 gari la mizigo lilifika tena Moshi, na saruji ilikuwa miongoni mwa mizigo ya kwanza. Desemba mwaka huo likafuata gari la abiria, na Oktoba mwaka 2020 magari yakafika tena Arusha. Angalieni jinsi mambo yalivyofuatana: mzigo ulitangulia, watu wakafuata. Mzigo ndio unaoilisha reli.

Nilipokwenda kwetu baada ya hayo, nilichukua kamera. Sababu yangu ilikuwa hii. Picha nyingi za reli yetu ya zamani zilipigwa na wageni. Humo mna madaraja, mabwana wakubwa na injini mpya. Waliochimba tuta kwa jembe wamesimama nyuma, wadogo, bila majina. Na miaka ile magari yalipokoma, katika nyumba nilizoingia hapana hata moja iliyokuwa na picha ya gari la mwisho la katani. Kitu kilichowalisha babu zetu kilikwenda zake, na hatukubaki na sura yake. Kikienda mara ya pili yafaa kitukute macho.

Basi na tueleze kazi yenyewe, tukianza na gari la moshi, maana mpiga picha asiyekijua kitu anachokipiga ni kama mwindaji asiyejua nyayo.

Injini za siku hizi hazichomi kuni wala makaa ya mawe. Huchoma mafuta ya dizeli, ila jina la gari la moshi limebaki. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa wepesi, ndiyo maana injini moja huvuta mzigo ambao barabarani ungetaka malori mengi. Lakini wepesi huo una masharti mawili. Sharti la kwanza ni mlima. Gari lenye uzito wa tani 1,000, likipanda mita 1 kwa kila mita 50, huvutwa nyuma na uzito wake mwenyewe kwa nguvu ya tani 20. Kwa hiyo waliojenga reli hawakuikwea Usambara. Waliizunguka chini, wakifuata bonde. Sharti la pili ni kusimama. Chuma kilichoteleza kwa wepesi hakisimami kwa wepesi. Dereva akifunga breki gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, litakwenda mamia ya mita kabla halijasimama. Hata akikuona, hata akipenda kukuokoa, hawezi.

Wanafunzi, lisikieni neno hili kwa makini. Wazee wetu walikua pamoja na gari la moshi, wakaijua tabia yake. Watoto wa miaka ile ya kimya hawakufundishwa, na baadhi yao sasa ndio wakubwa. Gari la dizeli laweza kukufikia huku upepo umechukua sauti yake upande mwingine. Usiweke sikio juu ya reli, usitembee juu ya mataruma, usisimame darajani. Hapana picha inayostahili mguu wa mtu, seuze roho yake. Kaa mbali na njia hatua ishirini au zaidi, mahali ambapo hata mzigo ukining'inia hautakufikia, na watoto wadogo wasiwe pamoja nawe.

Tena omba ruhusa. Njia ya reli ni mali ya serikali, na madaraja huweza kuwa na walinzi. Nenda stesheni, umsalimu stesheni masta, umweleze unachotaka na mahali utakaposimama. Kwake utapata na habari ya gari linalotazamiwa, maana gari la mizigo halina saa kama la abiria. Huondoka likiwa tayari. Akikataa, shukuru uondoke. Mwenye subira hula mbivu, na mwenye kamera bila ruhusa huenda akalala asikotaka.

Sasa habari ya mwanga. Katika nchi zetu jua la saa sita za mchana husimama juu ya kichwa. Kivuli cha behewa huanguka chini yake, magurudumu yakawa giza, na nyuso za watu zikawa nyeusi chini ya kofia. Saa mbili baada ya macheo na saa mbili kabla ya machweo ndizo saa za kazi, jua linapoangaza kutoka pembeni. Lakini kila nchi na sura yake. Pale Mombo milima iko upande wa mashariki na kaskazini, kwa hiyo asubuhi jua huchelewa kutokea nyuma yake, na ukuta wa mlima huwa kivuli kitupu. Alasiri mambo hugeuka. Ukisimama upande wa nyika, jua likiwa mgongoni mwako, gari litapita mbele yako likiwa limeangazwa, na milima nyuma yake itaonekana kila bonde na kila mkunjo. Mwezi wa Desemba na Januari jua hutua upande wa kusini kidogo, likaukabili mlima uso kwa uso. Juni na Julai hutua upande wa kaskazini kidogo, likaupitia ubavuni tu. Na baada ya mvua za vuli vumbi limekwisha kulala, hewa ni safi. Mtu wa nchi huyajua mambo haya bila kitabu. Ni kuyakumbuka tu alipoyaona akichunga mbuzi.

Mwendo nao una hesabu yake, na wanafunzi waweza kuipiga. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa nukta moja. Ukiifungua kamera kwa sehemu moja ya mia ya nukta, gari limekwisha sogea sentimita 14, na picha yake itakuwa kama imefutwa kwa mkono. Ukiifungua kwa sehemu moja ya mia tano, limesogea chini ya sentimita 3, na picha itakuwa safi. Lakini likikujia kwa mshazari, si kwa kupita ubavuni, kusogea kwake huonekana kidogo zaidi machoni pa kamera. Kwa hiyo mwenye kamera ndogo, au simu ya mkononi, na asimame penye kona, ambapo gari hupunguza mwendo, na mabehewa yote huonekana nyuma ya injini kama watoto waliomfuata mama yao.

Watu wengi hupiga injini ikiisha kupita wakafunga kamera. Hapo ndipo habari inapoanza! Hesabu mabehewa, uyapige moja moja kama uwezavyo. Yako yaliyofunikwa, ya kuwekea vitu visivyotaka mvua. Yako matangi ya mafuta. Yako yaliyo wazi. Yako yaliyo kama meza, ya kubebea makontena. Tazama na chini ya behewa. Lililojaa hukaa chini juu ya springi zake na kwenda kwa sauti nzito. Lililo tupu huinuka juu na kupiga kelele, kama debe tupu katika methali yetu.

Kisha lipige gari linapopanda kutoka pwani, na ulipige tena linaposhuka. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja ni somo kubwa. Gari likipanda limejaa na kushuka limejaa, nchi yanunua na kuuza. Likipanda limejaa saruji na kushuka tupu, maana yake nchi yajenga, lakini mazao yake ama yamekwenda kwa njia nyingine, ama hayapo. Katika bonde letu mboga na matunda ya Lushoto huteremka kwa barabara hata Mombo na kuendelea kwa malori. Karoti haisubiri behewa lijae. Mtu anayetaka kujua kama reli ya kwao itaishi, na asisikilize maneno ya sokoni peke yake. Mwaka hata mwaka na asimame mahali pamoja ahesabu mabehewa yaliyojaa yanayoshuka.

Hayo ni juu ya gari. Lakini nimesema kwamba picha hizi ni njia ya kuijua nchi upya, nami nitawapa mfano mmoja. Picha zangu za kwanza nilimpelekea mjomba wangu, mzee ambaye ujanani alikuwa mtu wa genge, kazi yake kutengeneza njia. Nilidhani atafurahi kuiona injini. Nikamwambia, "Shikamoo, mjomba. Nimekuletea gari lako." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaishika picha karibu na macho, akakaa kimya. Hakuitazama injini. Alitazama chini, penye kokoto. Akasema, "Hapa wameweka kokoto mpya, vizuri. Lakini maji haya yatapita wapi wakati wa masika? Sisi hapa tulikuwa na mfereji." Akaniambia mfereji ulipokuwa, na nyumba za genge zilipokuwa, na mwembe ambao chini yake walilipwa mshahara. Alitaja watu wanne wa genge lake, na kabila ya kila mmoja, na jinsi mmoja wao alivyooa kijijini kwetu na kuzikwa kwetu. Mimi nimepita chini ya mwembe ule tangu utoto wangu, nami sikujua kwamba ulikuwa ofisi.

Kesho yake nilikwenda na wajukuu wake wawili, tukasimama mbali na njia, tukautafuta mfereji. Upo, umejaa mchanga na nyasi. Tukaupiga picha, tukaipiga na miti na mawe yaliyo karibu ili mtu mwingine apatambue, nami nikaandika barua ya adabu kwa wenye kazi ya njia kuwaonyesha ulipo. Ikiwa wataufukua, vyema. Ikiwa hawataufukua, angalau habari haitakufa pamoja na mwenyewe. Maana mafuriko ni adui mkubwa wa reli iliyo chini ya mlima, na anayejua maji yalikopita zamani ana mali kuliko mwenye jembe jipya.

Kwa hiyo nawapa shauri la mambo manne, yafanywe na kila mtu arudiye kwao akiwa na kamera au simu.

Kwanza, piga mahali pamoja mara nyingi. Chagua alama isiyoondoka, kama jiwe, daraja au kona ya jengo la stesheni, usimame hapo hapo kila urudipo. Picha moja huonyesha mahali. Picha mbili za mahali pamoja huonyesha wakati.

Pili, piga na watu, lakini uwaombe kwanza. Mpakiaji aliyebeba mfuko wa saruji si mti wa kupambia picha. Ana jina, na pengine hataki wanawe wamwone amejaa vumbi. Akikubali, andika jina lake kama alitamkavyo mwenyewe, na siku nyingine umletee picha yake.

Tatu, andika. Picha isiyo na maandiko ni mgeni asiyesema. Nyuma yake uandike siku, mwezi na mwaka, mahali, gari lilikuwa likielekea wapi, mabehewa mangapi, yamebeba nini. Mistari mitatu yatosha.

Nne, usiziache picha katika simu peke yake. Simu huibwa, huvunjika, huanguka majini, na miaka kumi ya nchi yako huzama pamoja nayo. Zile zilizo bora zichapishwe juu ya karatasi, moja ikae nyumbani kwa wazee, na moja ipewe shule. Mwalimu mwenye picha ishirini za namna hiyo ana somo la jiografia, la hesabu na la historia lisilohitaji kuagizwa kutoka mbali. Watoto watajifunza kugawanya kwa mabehewa wanayoyajua, na watajua kwa nini wasicheze juu ya reli.

Haya niliyoyasema juu ya Mombo yaweza kufanywa Kilosa, Tabora, Voi, au mahali po pote reli ipitapo. Na pasipo reli pana kivuko, pana gati la majahazi, pana mnada wa ng'ombe. Kila nchi ina mlango wake wa kupitishia mizigo. Nendeni mkasimame karibu na mlango huo, mbali na hatari na kwa ruhusa ya wenyewe, mkatazame nini chaingia na nini chatoka. Kisha mkawaulize wazee kilichokuwa kikipita zamani, wangali wapo wa kuulizwa.